Idara ya afya ya halmashauri yako: ilitoka wapi, nani anaisimamia, na mwananchi anaingilia wapi

Kibatari

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache humu unafunguliwa uzi wa zahanati isiyo na dawa au kituo cha afya kisichokuwa na mtu usiku, na kila uzi unaishia pale pale: "serikali imelala". Serikali ipi? Mganga mfawidhi wa zahanati yako anaripoti kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambaye wengi tumezoea kumwita DMO. DMO anaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji, na Mkurugenzi yuko chini ya TAMISEMI. Lakini sera na miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya, dawa zinatoka Bohari ya Dawa (MSD), na usimamizi wa kitaalamu unafanywa na Mganga Mkuu wa Mkoa na timu yake. Ukizuka mlipuko, anayeitisha kikao ni Mkuu wa Wilaya. Diwani naye yumo kwenye kamati ya kudumu inayopokea taarifa za idara.

Nimetumikia idara za afya za halmashauri zaidi ya moja. Kitu kilichoniuma miaka yote ni kuona mwananchi anagombana na nesi wa dirishani wakati uamuzi ulishapitishwa miezi mingi kabla, kwenye meza asiyoijua. Nataka tuijue hiyo meza. Na huwezi kuijua bila historia yake, maana mpangilio huu ulijengwa, ukavunjwa, ukajengwa tena, na gharama ya kuuvunja ilionekana makaburini.

Nitashusha kwa vipande. Ulizeni, pingeni, ongezeni.

Naanza na ukoloni, kwa ufupi. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu mwaka 1891, afya ya umma ilikuwa na kazi moja kubwa: kumlinda Mzungu asife kwa malaria. Robert Koch mwenyewe alifanya utafiti Dar mwaka 1897 na 1898. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waingereza walipokuja wakaendeleza mji wa kanda: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ule uwanja wa Mnazi Mmoja mnaoupita kila siku uliachwa wazi makusudi kutenganisha Uhindini na Kariakoo, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Bwana afya wa wakati ule alikuwa mtu wa kukagua vibanda na kubomoa. Hofu ya wazee wetu kwa bwana afya haikutoka hewani.

Ila kuna jambo la 1926 ambalo watu hawalizungumzii. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, zile mamlaka za wenyeji zikapewa hazina zao, na kutoka kwenye hazina hizo zikaanza kujengwa zahanati ndogo vijijini, zikiendeshwa na wauguzi wasaidizi waliofundishwa kwenye hospitali za serikali kufunga vidonda na kutibu maradhi machache. Kodi ya watu wa pale pale ndiyo iliyomlipa mhudumu wa pale pale. Mwenye sauti alibaki kuwa Bwana DC, tusijidanganye. Lakini mzizi wa idara ya afya ya halmashauri ni huo.

Kuchele

Naweka kigoda mkuu. Hilo la Mnazi Mmoja sikulijua kabisa, na nimekulia Gerezani.

mama_Neema

Kaka Kibatari, asante. Naomba usiruke haraka kipindi cha Mwalimu. Sisi tuliozaliwa miaka ya themanini tunasikia tu "Madaraka Mikoani" bila kuelewa ilihusiana vipi na hospitali.

Kibatari

Dada mama_Neema, siruki. Hapo ndipo penye uzito.

Baada ya uhuru halmashauri za wilaya zilirithi zahanati zile na kuongeza nyingine. Mwaka 1964 ikatoka ripoti ya Profesa Titmuss na wenzake iliyoshauri nchi ijenge vituo vya afya vijijini badala ya kurundika mahospitali mijini, na Azimio la Arusha la 1967 likaupa mwelekeo huo nguvu ya kisiasa. Shida ilikuwa fedha. Halmashauri nyingi zilikuwa hoi, makusanyo madogo, huduma zinadorora.

Dawa iliyochaguliwa mwaka 1972 ilikuwa kali. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na za miji zikafuata mwaka uliofuata. Jina lilikuwa Madaraka Mikoani, lakini kilichoshuka mikoani ni maafisa wa serikali kuu. Madiwani hawakuwepo tena kama chombo chenye uamuzi. Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya aliteuliwa kutoka juu na bajeti ikapita Ofisi ya Waziri Mkuu. Dar es Salaam ikakatwa wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja na watawala wake, na chombo kimoja cha kuisimamia kama jiji hakikuwepo.

Fikirieni kazi za jiji ambazo hazina mshangiliaji. Kuzibua mitaro. Kunyonya vyoo. Kuzoa taka sokoni kabla hazijaoza. Kukagua nyama machinjioni na maji ya visima. Kazi hizi zinahitaji mtu anayeamka asubuhi akijua asipozifanya kuna diwani atamshika shati. Kipaumbele cha taifa kilikuwa vijiji, jambo la haki kabisa, lakini miji ikabaki bila mwenyewe.

Oktoba 1977 kipindupindu kikaingia kwa kishindo. Haikuwa mara ya kwanza nchini, ila wimbi hilo lilisambaa vibaya. Na mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya mpito ya kurudisha halmashauri za miji. Ukisoma wanaoandika historia ya serikali za mitaa Tanzania, kuoza kwa huduma za miji na milipuko ya kipindupindu ndizo sababu wanazozitaja. Vibrio, kimelea cha kipindupindu, alifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na wapiga kura.

MzeeWaUpanga

Nathibitisha, mwanangu. Nilikuwa shule ya msingi. Tulipangwa mstari, mwalimu anakagua kucha, kisha tunapewa vidonge vya tetrasaiklini tumeze mbele yake. Mama yangu alikuwa anachemsha kila kitu, hata maji ya kuoshea matunda. Msiba ukitokea mtaani, maiti inachukuliwa na watu wa afya, ndugu hawaruhusiwi kuosha. Hilo la kutoosha maiti liliwaumiza watu kuliko ugonjwa wenyewe. Na hakuna aliyekuja kutueleza kwa utaratibu. Tuliona tu gari.

Kibatari

Mzee wangu shikamoo, na asante sana kwa ushahidi huo.

Hivyo vidonge vina kisa chake na nakiweka hapa kwa sababu kinaonesha idara ya afya inavyofanya inapozidiwa. Dawa ile iligawiwa kwa wagonjwa na kwa watu wasioumwa vilevile, kama kinga. Wimbi lilipoanza, vimelea vyote vilivyopimwa vilikuwa vinakufa kwa tetrasaiklini. Miezi mitano baadaye asilimia 76 ya vimelea vilikuwa sugu. Matokeo hayo ya madaktari wetu yalichapishwa mwaka 1979 na mpaka leo yanafundishwa duniani kama mfano wa usugu unaozaliwa ndani ya miezi. Wakati huo choo kilichofurika kilikuwa bado kinafurika. Kidonge kinagawiwa kwa amri ya siku moja. Mtaro unahitaji idara yenye watu, gari la kunyonya maji machafu na bajeti ya kila mwezi.

Mpingamizi

Mkuu nakuheshimu lakini unaegemea upande mmoja. Kipindi hicho hicho cha serikali kuu kushika kila kitu ndicho kilichotupa kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973, vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, watu kama milioni 2 walishiriki, vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa. Niambie halmashauri gani leo inaweza kuhamasisha hata robo ya hapo. Na kama halmashauri ni tamu hivyo, mbona kabla ya 1972 zilikuwa zimeshindwa? Umesema mwenyewe zilikuwa hoi.

Kibatari

Umeuliza vizuri, na Mtu ni Afya ni fahari yetu, siipunguzi hata kidogo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa, redio ikabeba, chama kikahamasisha. Lakini angalia aina ya kazi. Kampeni ina mwanzo na mwisho, na serikali kuu inaweza kampeni kuliko mtu yeyote. Kukagua kile choo mwaka wa pili, wa tano, wa kumi ni kazi ya idara iliyo karibu. Na Mwalimu mwenyewe alikuja kusema hadharani mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa ni moja ya mambo asingeyafanya, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika.

Kuhusu kushindwa kabla ya 1972, ni kweli, zilishindwa kwa fedha. Shida hiyo ipo mpaka leo, nitaifikia.

mama_Neema

Endelea kaka. Zikarudi 1978 halafu?

Kibatari

Za miji zilirudi kwanza. Mwaka 1982 zikapitishwa sheria mbili mama, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, na halmashauri zikaanza kazi tena 1984. Katiba nayo inazitambua, ibara ya 145 na 146. Ila zilirudi dhaifu, katikati ya hali ngumu ya uchumi, na Dar es Salaam mambo yaliharibika mpaka mwaka 1996 Waziri Mkuu akaivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume iliyoongozwa na Charles Keenja, iliyokaa hadi 2000 zilipoundwa manispaa tatu. Hapo napita haraka kwa sababu nataka kufika Rufiji.

Rufiji na Morogoro Vijijini. Mwaka 1997 Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la utafiti la Canada, IDRC, walianza mradi ulioitwa TEHIP kwenye wilaya hizo mbili. Swali lao lilikuwa rahisi: tukiipa timu ya afya ya wilaya takwimu za kweli za nini kinaua watu wake, na fedha kidogo inayoweza kuamua yenyewe namna ya kuitumia, vifo vitapungua?

Mpaka hapo, wilaya ilipanga kwa kuangalia madaftari ya zahanati. Tatizo ni kwamba wagonjwa wetu wengi walikuwa wanafia nyumbani, kwa hiyo daftari halikuwaona. Mradi ukatuma wadodosaji nyumba kwa nyumba, wakirudi kila baada ya miezi. Penye msiba, wanakaa na aliyemuuguza marehemu, wanauliza kwa upole: homa ilianza lini, alikuwa anapumua vipi, alitapika, degedege lilikuwepo, mlimpeleka wapi kwanza. Madaktari wanasoma majibu hayo na kukisia chanzo cha kifo. Kisha takwimu zinachorwa kwa picha ambayo hata diwani anaielewa: mwambaa mmoja unaonesha ugonjwa unachukua miaka mingapi ya maisha ya watu wetu, mwambaa wa pili unaonesha tunautengea fedha kiasi gani.

Morogoro mwaka 1996, malaria ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, na ilikuwa inapewa asilimia 5 ya bajeti. Magonjwa ya watoto yakiwekwa pamoja, nimonia, kuhara, surua na utapiamlo yakiwemo, yalichukua asilimia 28 na kupewa asilimia 13. Hakuna aliyeiba. Bajeti ilikuwa inanakiliwa kutoka mwaka uliopita, na nguvu ilienda kwenye programu zilizokuwa na mfadhili mwenye sauti.

Nyongeza iliyotumika ilikuwa chini ya dola 1 kwa kila mtu kwa mwaka. Walifundisha waganga kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya dalili moja, wakahimiza vyandarua, wakaweka redio za mawasiliano, na zahanati zikakarabatiwa kwa nguvu za wananchi. Ndani ya miaka mitano vifo vya watoto kwenye wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Mpingamizi

Vyandarua vilisambaa maeneo mengi kipindi hicho, mkuu. Huwezi kuupa mradi sifa zote.

Kibatari

Sahihi, na waliolitafiti hilo hawakuupa sifa zote. Kuna ulinganisho uliochapishwa 2004 wa wilaya hizo mbili na jirani zao, Kilombero na Ulanga. Vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 kwenye wilaya zilizotumia ule utaratibu wa kumtibu mtoto mzima mzima, na gharama kwa mtoto haikuwa kubwa zaidi, ilikuwa ndogo. Hiyo 13 ndiyo naitetea. Ni watoto wenye majina, na kilichowaokoa ni idara ya wilaya iliyoruhusiwa kusoma takwimu zake na kuamua.

NesiKijijini

Naomba niingie hapa maana mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati, niko kazini mpaka leo.

Watu hawajui tulikotoka. Zamani fedha zote za zahanati zilikaa akaunti ya halmashauri. Gesi ya jokofu la chanjo ikikaribia kwisha, naandika dokezo, napanda basi mpaka makao makuu ya wilaya, nasubiri sahihi ya DMO, kisha mhasibu, kisha Mkurugenzi. Wakati huo chanjo nimezifungasha kwenye kibebeo chenye barafu nimemwachia mhudumu, naomba Mungu barafu isiyeyuke. Mara nyingine narudi mikono mitupu kwa sababu kifungu kimetumika kwa jambo jingine, na hakuna wa kuniambia ni jambo gani.

Mwaka wa fedha 2017/18 ukaja utaratibu wa fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Tukafungua akaunti, tukafundishwa mfumo wa FFARS wa kuandika mapato na matumizi, na kamati ya usimamizi wa kituo ndiyo inapitisha mpango wetu. Sasa gesi nanunua siku hiyo hiyo. Nimepaka rangi chumba cha kujifungulia na kuweka tangi la maji. Fedha si nyingi, lakini naiona, na wanakijiji wanaiona.

Mzigo wake ni kwamba mimi ni mkunga, mhasibu na katibu wa kamati kwa wakati mmoja. Kuna siku naacha hesabu mezani nakimbilia leba. Naomba wakubwa walifikirie hilo, zahanati zipewe watu wa hesabu, hata kama mmoja kwa kata.

Kuchele

Dada pole sana na hongera. Hii ya fedha kwenda moja kwa moja kituoni ndiyo kwanza naielewa.

KataYaKwanza

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya kituo cha afya kwenye halmashauri ambayo sitaitaja. Tulichaguliwa kwenye mkutano, tukapewa semina ya siku moja, basi. Tunaitwa kikao siku ambayo taarifa inatakiwa kwenda wilayani, tunakuta mpango umeshaandikwa, tunaambiwa "wajumbe tusaini, gari linasubiri". Nilipouliza mara moja kwa nini dawa za watoto zimepungua na posho za safari zimeongezeka, kikao kilichofuata sikupewa taarifa. Sikufukuzwa. Sikuitwa tu. Inauma kwa sababu watu wa mtaani kwangu walinituma niwasemee.

Kibatari

Ndugu yangu KataYaKwanza, umegusa kitovu cha jambo. Naomba wote mlisome hili kwa makini.

Kwenye mageuzi ya miaka ya tisini wananchi waliwekewa vyombo viwili. Kwenye kituo, kamati ya usimamizi. Kwenye halmashauri, Bodi ya Huduma za Afya. Bodi ina wawakilishi wa watumiaji wa huduma, watoa huduma binafsi na wa mashirika ya dini, na diwani kutoka kamati inayoshughulikia afya. DMO ni katibu wake. Kazi ya Bodi ni kuhakikisha Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri unaendana na mahitaji ya watu, kupokea taarifa za timu ya menejimenti ya afya, na kuwa sauti ya mtumiaji.

Kilichoipa Bodi nguvu awali ni fedha. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996. Kaya inachangia, serikali inaweka kiasi kilekile, wenyewe tukiita tele kwa tele. Sheria ya 2001 ikaueneza, na Bodi ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi wa mfuko kwenye halmashauri. Mjumbe wa Bodi alipouliza swali, alikuwa anauliza kuhusu fedha aliyokabidhiwa na majirani zake.

Baadaye usimamizi ule ulisogea. Kwanza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaingia kusimamia, kisha 2018 ukaja mfuko ulioboreshwa uliopandishwa ngazi ya mkoa, na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kitaalamu kuna sababu nzuri: mfuko wa wilaya moja ni mdogo mno, mlipuko mmoja unaumaliza, na mgonjwa wa Igunga akipewa rufaa Tabora mjini kadi yake ilikuwa haimsaidii. Naunga mkono kabisa kuunganisha mifuko. Lakini fedha ilipopanda juu, nguvu ya Bodi haikurudishwa kwa namna nyingine. Bodi ikabaki na jukumu la kushauri tu, na katibu wake, yaani DMO, ndiye huyo huyo anayepaswa kuulizwa, na ndiye anayeitisha kikao na kuandaa ajenda.

Ongeza na hili: mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogo vilifutwa. Wananchi walishukuru, kodi ile ilikuwa na unyanyasaji wake. Ila halmashauri nyingi, hasa za vijijini, zikazidi kutegemea ruzuku. Mishahara ya wahudumu inatoka Hazina, ajira zinatangazwa na serikali kuu. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. DMO akitazama juu anaona mabosi wanaoweza kumhamisha kesho. Akitazama chini anaona Bodi isiyoweza hata kujiitia kikao.

Hapo ndipo ninapotaka mabadiliko. Katibu wa Bodi asiwe DMO. Bodi iwe na kifungu chake cha vikao kinacholindwa, na mwenyekiti wake awe na haki ya kusimama mbele ya baraza la madiwani kusoma maoni ya Bodi kabla mpango wa afya haujapitishwa.

Mpingamizi

Hapo nakubali kwa sehemu. Ila milipuko, mkuu? Kipindupindu cha 2015 kilianzia Kinondoni mwezi Agosti, halmashauri zikiwepo na madiwani wao, kikafika karibu nchi nzima na wagonjwa zaidi ya 20,000. Na ugonjwa wa Marburg wa Kagera 2023, bila Wizara ingekuwaje?

Kibatari

Kinondoni 2015 inanipa huzuni mpaka leo, na haikwepeki. Diwani peke yake hazibui mtaro. Mji ulikua haraka kuliko mabomba na vyoo, na maafisa afya wa kata walikuwa wachache mno kwa idadi ya watu wao. Sheria ya Afya ya Umma ya 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi na kuchukua hatua. Mamlaka yapo kwenye karatasi, lakini pikipiki haina mafuta na kemikali ya kupima maji imekwisha. Halmashauri iliyopewa jukumu bila nyenzo inarudi kule kule kwa 1971.

Marburg ni mfano mzuri wa pande zote mbili. Walioona kwanza kwamba watu wa familia moja na wahudumu waliowauguza wanakufa kwa namna isiyo ya kawaida ni watu wa vijijini Bukoba. Kupima na kutaja jina la kirusi ilihitaji maabara ya taifa, na fedha na wataalamu vilitoka juu. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni 2023 ikatangazwa umekwisha. Kufuatilia kila aliyegusana na mgonjwa, nyumba kwa nyumba, kulifanywa na wahudumu wa huko huko. Ngazi ya juu isipokuwepo hujui unapigana na nini. Ngazi ya chini isipokuwepo hujui hata kama kuna vita.

MzeeWaUpanga

Na safari hii angalau walitangaza, wakaeleza namna ya kuzika. Tofauti na lile gari letu.

mama_Neema

Kaka Kibatari, kwa mtu wa kawaida kama mimi, naanzia wapi? Sijui hata wajumbe wa Bodi ya halmashauri yangu ni akina nani.

Kibatari

Anzia kwenye kituo chako, dada. Muulize mganga mfawidhi jina la mwenyekiti wa kamati ya usimamizi. Mapato na matumizi ya kituo yanapaswa kubandikwa ubaoni. Yasome, na kama hayapo, uliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, kwa heshima lakini mbele ya watu, ili swali liingie kwenye muhtasari. Swali lililoandikwa kwenye muhtasari linafuatiliwa. La barazani linapotea.

Kwa Bodi, nenda kwa Katibu wa Afya wa halmashauri, huyo ndiye anayeshughulikia utawala wa idara, omba orodha ya wajumbe na lini walikaa mara ya mwisho. Na kumbuka mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa umma, unaruhusiwa kuingia ukae nyuma usikilize. Mipango ya vituo na ya halmashauri inaandaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla bajeti haijaenda Bungeni. Ukienda Agosti kulalamika, fedha imeshagawanywa.

NesiKijijini

Naongeza kwa upande wetu tulio dirishani: mkija kuuliza, njooni na mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe wa kamati. Mtu mmoja akija na hasira tunajitetea. Watu wakija na kamati yao, mimi mwenyewe nafurahi, kwa sababu nikienda wilayani kudai dawa nasema "wananchi wamehoji, muhtasari huu hapa", na hapo nasikilizwa.

KataYaKwanza

Uchaguzi wa kamati yetu unakuja tena. Nagombea.

Kuchele

Mkuu KataYaKwanza, ukipita njoo na ule mpango wa kituo humu tuupitie pamoja mstari kwa mstari. Kibatari na NesiKijijini wapo.